Simu yako yajua ulikolala

Hotuba iliyotolewa katika uwanja wa ndani wa Ngome ya Lamu baada ya sala ya Alasiri, mbele ya wazazi, vijana, manahodha na vikundi vya kina mama. Imewekwa hapa yote kwa waliokuwa baharini na safarini.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, manahodha mlioacha vyombo gatini mkaja kunisikiliza, walimu wa madrasa na wa skuli, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango: masalkheri, na ahsanteni sana. Mwenyekiti amenipa muda mpaka karibu na Magharibi. Nitautumia wote, maana jambo lenyewe ni zito.

Naanza na swali. Ni nani ajuaye ulikolala jana usiku? Mke anajua. Mume anajua. Mama anajua. Na nani mwingine? Programu ya hali ya hewa inajua? Mchezo wa mpira aliouweka mtoto kwenye simu yako unajua? Tochi inajua?

Tochi sikuitaja kwa kutia chumvi. Mwaka 2013 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliichukulia hatua kampuni iliyotengeneza programu ya tochi, programu iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa ya simu tu. Kumbe kila ilipowashwa ilikuwa ikichukua mahali hasa alipo mwenye simu, na kuwapelekea wafanyabiashara wa matangazo. Mtu anatafuta ndara zake gizani, na mtu asiyemjua, nchi asiyoijua, anaambiwa mtu huyu yuko hapa.

Nahodha mmoja mwenye heshima zake aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi si mwizi wala sidaiwi. Simu ikijua niliko, yanidhuru nini?" Hilo ni swali la mtu mwema, na linastahili jibu la heshima. Ami yangu, zitazame nyumba za mji huu. Waliozijenga hawakuwa wezi. Mgeni alipokewa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, akakaa kwenye baraza la mawe, akapewa kahawa, akaeleza haja yake. Wa karibu zaidi alipita mpaka kiwandani, ule uwanja mdogo wa nyumba. Ndani kwenyewe hakuingia ila wa kuingia. Na njia ya kuingilia ikapindwa makusudi, ili apitaye mtaani asione kitu hata mlango ukiwa wazi. Walikuwa wanaficha uovu? La hasha. Walikuwa wanajisitiri. Basi programu nayo ni mgeni. Ina haki ya kueleza haja yake. Haina haki ya kufika mpaka ndani kwa kuwa ilipiga hodi mara moja, siku ambayo ulikuwa na haraka ukabonyeza "ruhusu" bila kusoma.

Sasa simu inajuaje iliko? Hapa pana uvumi mwingi mtaani, na ningependa tuumalize leo. Watu husema, "Setilaiti inakuona." Setilaiti za GPS, ule mfumo wa kutambua mahali, ni za Marekani, ni zaidi ya 30, nazo zinazunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu. Kazi yao ni kutangaza tu: saa hizi ni kadha, nami niko mahali kadha. Simu inasikiliza. Ikizisikia nne, inapiga hesabu na kujua ilipo. Setilaiti haikuoni. Setilaiti haikujui. Setilaiti haina habari kwamba upo duniani. Ndiyo sababu nahodha aliye nje ya kisiwa cha Kiwayu, hana mtandao, hana bando, bado anaiona nukta ya chombo chake kwenye ramani aliyoihifadhi simuni.

Kwa hivyo siri haitoki juu. Siri inatoka kwenye simu yenyewe, pale inapomwambia mwingine yale iliyoyajua. Na msijidanganye kwamba bando likiisha mmesalimika. Programu inaweza kuandika njia yote uliyopita, ikangoja, na siku ukipata mtandao ikatuma yote kwa pamoja.

Hapa mjini kuna jambo la ziada. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kuta ni ndefu, anga huioni vizuri, na GPS hubabaika. Hapo simu inasikiliza Wi-Fi za nyumba za wageni na za maduka zilizo karibu, inaziuliza orodha kubwa za kampuni za teknolojia Wi-Fi hizi ziko wapi, na inapata jibu. Kwenye simu nyingi za Android hili linaendelea hata kama Wi-Fi umeizima, kwa sababu kuna kitufe kingine cha kutafuta Wi-Fi na Bluetooth, kilichowekwa ndani ya mipangilio ya mahali (Location). Kitafuteni, mkizime kama hamkihitaji.

Na mtandao wenu wa simu? Huo unajua uko karibu na mnara upi, siku zote, kwa sababu bila kujua hivyo hauwezi kukuletea simu unayopigiwa. Kuzima mahali kwenye mipangilio hakuugusi kabisa. Ukitaka mnara usikujue, weka simu katika hali ya ndege au izime. Nasema haya ili mtu asije akadhani kitufe kimoja kimemfunika mwili mzima.

Ndugu zangu, naomba mnisikilize zaidi hapa, kwa kuwa jambo hili linatugusa sisi kuliko wengi.

Wangapi hapa wana programu ya nyakati za sala na kibla? Nyanyueni mikono. Naona karibu wote. Mwezi wa Novemba mwaka 2020, waandishi wa habari wa Motherboard, Marekani, waliandika kuhusu programu ya Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani. Walieleza kwamba programu hiyo ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa ikiuza data za mahali kwa wakandarasi, na kupitia wakandarasi hao data zikalifikia jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba wao wameliuzia jeshi chochote, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google waliwaamuru watengenezaji wa programu waing'oe X-Mode kwenye kazi zao. Na mwezi wa Januari mwaka 2024, tume ile ile ya biashara ya Marekani iliikataza kampuni hiyo, iliyokwisha kubadilisha jina, isiuze tena data zinazoonyesha watu waliokwenda mahali nyeti, zikiwemo nyumba za ibada na hospitali.

Lifikirieni hilo. Mtu ametia udhu. Anataka kujua Alasiri imeingia au bado. Anafungua simu kwa ajili ya Mola wake. Na wakati uo huo kuna mtu anaandika: huyu yuko hapa, saa hii, na jana alikuwa pale. Nani alimpa idhini? Mwenye simu mwenyewe aliipa, kwa kidole chake, bila kuambiwa kwa uwazi idhini hiyo inakwenda wapi. Mimi hili liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Lakini niulize: programu ya sala inahitaji kujua nini hasa? Magharibi ya mtaa wa Langoni na Magharibi ya mtaa wa Mkomani si moja? Jua linatua nyakati mbili hapa? Programu inahitaji kujua kwamba uko Lamu, basi. Haihitaji kujua uko nyumba gani, wala chumba gani. Nyingi kati yake zinakuwezesha kuandika jina la mji kwa mkono wako, bila ruhusa yoyote ya mahali. Na kibla? Kutoka hapa Makka iko kaskazini, ikielemea magharibi kidogo. Mihirabu ya misikiti yetu ilikwisha kutuonyesha hilo karne nyingi kabla ya simu.

Basi nendeni kwenye mipangilio, muingie sehemu ya mahali, mfungue ruhusa za programu. Maneno hutofautiana simu na simu, lakini mtaona orodha ya programu zote, kila moja na ruhusa mliyoipa. Zile zilizoruhusiwa wakati wote ndizo za kuanza nazo, maana hizo zinaweza kukufuata hata simu ikiwa mfukoni. Kwenye Android, tangu toleo la 10 la mwaka 2019, unaweza kuiruhusu programu pale tu unapoitumia. Tangu toleo la 11 unaweza kuiruhusu mara hii tu, na programu uliyoiacha miezi kadhaa bila kuifungua hunyang'anywa ruhusa zake yenyewe. Tangu toleo la 12 kuna jambo zuri zaidi: unachagua kama programu ipewe mahali hasa ulipo, au eneo la jumla tu, kiasi cha kilomita 3 za mraba. Wenye iPhone walilipata hilo mwaka 2020. Kwa nyakati za sala, kwa hali ya hewa, kwa habari, eneo la jumla linatosha na kubaki. Kwa mchezo wa mtoto, kwa kikokotoo, kwa tochi, jibu ni moja: usiruhusu.

Na programu za mikopo? Nyote mnazijua, na mnajua jinsi zilivyowadhalilisha watu kwa kuwapigia jamaa zao. Tangu mwisho wa Mei mwaka 2023, kanuni za duka la Google zinazikataza programu za mikopo ya watu binafsi kuchukua majina ya watu uliowahifadhi, picha zako, na mahali hasa ulipo. Kwa hivyo ukiona programu ya mkopo inakuomba haya, au umetumiwa kiungo uipakue nje ya duka, usiendelee. Hiyo imevunja kanuni kabla hata haijakupa shilingi.

Kuna kuzima ambako si kuzima, na hili nalo mlijue. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba mtu aliyezima historia ya mahali ya Google bado mahali pake palikuwa pakihifadhiwa, kupitia kitufe kingine kinachorekodi shughuli za wavuti na programu. Mwaka 2022 Google ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kumaliza madai ya majimbo 40 ya Marekani kuhusu jambo hilo. Kwa hivyo mkiingia kwenye akaunti yenu ya Google, sehemu ya data na faragha, msikague kitufe kimoja. Kagueni vyote viwili, na mfute yaliyokwisha kuandikwa.

Kuhusu picha sitakaa sana. Kamera ya simu, ikiwa imeruhusiwa kujua mahali, huandika ndani ya picha digrii za mahali ilipopigwa. Huzioni kwa macho, lakini zimo. Mvuvi mmoja wa visiwa hivi aliniruhusu nisimulie yaliyompata bila kumtaja. Ana mwamba wake aliourithi kwa babake, anaujua kwa kulinganisha minazi na vilima vya mchanga, na hajapata kumwonyesha mtu. Siku moja alipata tewa wakubwa, akawapiga picha pale pale chomboni, akamtumia mnunuzi. Mnunuzi alitaka picha safi, kwa hivyo aliituma kama dokumenti. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida huyaondoa maandishi yale ya mahali. Ukituma kama dokumenti, yanakwenda nayo. Haikupita muda vyombo vigeni vikawa juu ya mwamba wa babake. Fungueni mipangilio ya kamera, mzime alama ya mahali. Ni kazi ya dakika moja. Na picha za watoto, hata zikiwa hazina alama, sare ya skuli na mlango wa nyumba vinamwambia mtu yote. Septemba mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza skuli moja hapa Kenya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walimu wangu, mmesikia.

Sasa niseme la ndani ya nyumba. Hili ni gumu, na najua nasema mbele ya wazee.

Binti mmoja alikuja kwangu darasani, akasubiri wenzake waondoke. Amechumbiwa. Mchumba wake alimwomba amshirikishe mahali alipo kwenye ramani za Google, na simu ilipomuuliza kwa muda gani, binti akachagua mpaka atakapozima mwenyewe. Binti akaona ni mapenzi. Baada ya muda simu zikaanza. "Mbona umesimama Mkunguni dakika ishirini? Uliongea na nani?" "Kwa shangazi umekwenda kufanya nini tena?" Binti akaacha kwenda kwa shangazi yake. Akaacha kwenda darasani siku nyingine. Hakuna aliyemfungia mlango. Aliye mbali alimfungia kwa simu.

Baba zangu, kaka zangu: dini yetu imetukataza kupelelezana. Haikusema isipokuwa mke. Haikusema isipokuwa kwa simu. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakaweka programu ya siri kwenye simu ya mwenzao wakati amelala. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini, nami sikuona ndani yake mlango wa kumpitisha mume au mke.

Na wewe dada unayehofia hilo, angalia haya. Kwenye ramani za Google, gusa picha ya akaunti yako uone unamshirikisha nani. Kwenye WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoijua ikiwemo, iondoe. Tazama programu zilizopewa usimamizi wa kifaa au huduma ya ufikivu (Accessibility), na Play Protect, ule ulinzi wa Google dhidi ya programu mbaya, iwe imewashwa. Betri na bando vikiisha upesi bila sababu, hiyo peke yake si ushahidi, lakini ni sababu ya kukagua. Ila nakusihi kitu kimoja: kama unamwogopa mtu huyo, usifute kwa ghafla. Atajua papo hapo. Tumia simu ya mtu unayemwamini, piga 1195, ni bure, uzungumze kwanza na watu wanaoshughulikia dhuluma za majumbani. Kwa watoto kuna 116. Usalama wako kwanza, simu baadaye.

Na wazazi je? Mtoto anavuka kwenda Mokowe kila siku, mzazi ana haki ya kujua amefika. Sikatai. Lakini mwambie. Kaa naye, mwonyeshe umeweka nini na kwa nini, na akikua mlizungumze upya. Mtoto akigundua mwenyewe kwamba amekuwa akifuatwa kwa siri, hatakuambia. Ataiacha simu kwa rafiki yake na kwenda aendako, na wewe utakuwa unaitazama nukta ya simu, mtoto hayupo.

Najua kuna watakaotoka hapa wazime kila kitu. Msifanye hivyo, nawaomba. Hii bahari yetu. Chombo kikiharibika mashine kati ya Kiunga na hapa, kile kitufe cha kumtumia mtu mahali ulipo ndicho kitakachowaleta waokoaji. WhatsApp inakupa kushirikisha mahali mubashara kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inakoma yenyewe. Ukipanda basi la kwenda Malindi, mpe nduguyo saa 8. Ukienda kuvua, mpe mtu wa nyumbani kabla mtandao haujakata, ili ajue angalau ulipoonekana mwisho. Na huduma ya kutafuta simu iliyopotea iwe imewashwa, kwani siku ya kupotea ndipo utakapoitaka, na siku hiyo utakuwa umechelewa kuiwasha. Ninachowataka mjue ni nani mmempa, kwa ajili gani, na mpaka lini. Mjue nani. Mjue kwa nini. Mjue mpaka lini.

Haya si fadhila tunayoomba. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuuliza kampuni ina habari gani zake, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kumpelekea Kamishna malalamiko ikikataa. Malalamiko hupokewa kwa mtandao. Si lazima upande gari mpaka Nairobi.

Jumamosi asubuhi tutakuwa hapa hapa na meza za kukaguana simu. Njooni na simu zina chaji, na mwe mmezisasisha kama bando linaruhusu. Nenosiri lako liandike wewe kwa mkono wako. Mimi sitalitaka, na msimpe yeyote atakayewaambia kwamba ametumwa na mimi. Kina mama wanaotaka kuzungumza faraghani nitakaa nao mwenyewe chumba cha juu. Manahodha wanaotaka kuhifadhi ramani za bahari simuni wakae na vijana upande wa kushoto.

Namwona mzee pale mbele ameinua mkono tangu zamani. Tafadhali, mpelekeeni kipaza sauti.